Jibu: Kuasili mtoto huku sita wanasomea nyumbani

Salama dada. Nimekuelewa, nyie Wamarekani mnaishi Masasi, watoto sita unawafundisha mwenyewe nyumbani, mnataka kuasili mtoto wa hapa na afisa ustawi wa jamii anakuja kuwakagua msimu huu huu wa korosho, hujui ushike lipi uache lipi.

Kwanza kabisa cheki vibali vya ukaazi. Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni awe amekaa Tanzania miaka 3 mfululizo, kukiwa na pengo mwambieni wakili mapema. Halafu agizeni sasa hivi karatasi za kwenu, ya polisi kuwa hamna rekodi ya uhalifu na ya ustawi wa huko kuwapendekeza, maana hizo ndo zinachelewa. Mtoto mtakaa naye kwanza angalau miezi 3 chini ya ustawi, ndo mwende Mahakama Kuu.

Masomo punguza. Sisi tulipopitia hayo hayo tulibaki na kusoma na hesabu asubuhi, mchana wakubwa wakaenda kuokota korosho na wenzao, na afisa alipofika aliongea na watoto wenyewe zaidi ya kukagua nyumba, kwa hiyo usiwafundishe majibu jamani, waache waseme wanavyojisikia kuhusu huyo mdogo anayekuja. Viza ya mtoto waulizeni ubalozi wenu.