Ukipewa Chumba, Anza na Futi: Kwa Wanaoingia Kwenye Kazi ya Kupanga na Kukarabati Nyumba

Wengi wanaoingia kwenye kazi hii huja na simu iliyojaa picha: rangi za kuta, makochi, taa za kuning'inia. Picha zina kazi yake, na mteja naye atakuletea zake, itabidi mwelewane. Lakini picha haikuambii mlango unafungukia upande gani, wala mtu anapita wapi akiwa amebeba beseni la nguo. Ndiyo maana kuna nyumba nzuri kwa macho ambazo wenyewe wanahangaika kuishi ndani yake. Ninachokuomba, wewe unayeanza, ni hiki: ukipewa chumba, shika futi, ile ya kupimia, kisha uliza watu wa humo wanaishije. Rangi itasubiri.

Usiishie kupima urefu na upana. Pima dirisha linaanzia wapi kutoka sakafuni, soketi iko umbali gani kutoka kwenye kona, na mlango ukifunguka unakula nafasi kiasi gani. Ukuta upime mara tatu, chini, katikati na juu, kwa sababu kuta zilizonyooka kabisa ni chache, na kabati lililokatwa kwa kipimo cha chini peke yake linaweza kugoma kuingia juu. Kona nayo ina njia yake ya kukaguliwa: weka alama sentimita 60 kutoka kwenye kona upande mmoja, sentimita 80 upande wa pili, kisha pima kati ya alama hizo mbili. Ikisoma 100, kona ni pembe mraba, yaani nyuzi 90. Isiposoma hivyo, mwambie seremala mapema, kabla hajakata mbao.

Baada ya chumba, pima watu. Viko vipimo ambavyo ukivizoea utavitumia kila siku. Njia ambayo watu hupita mara kwa mara iwe na kama sentimita 90. Meza ya kulia huwa na kimo cha takriban 75, kiti 45, na hizo 30 zinazobaki katikati ndizo nafasi ya mapaja. Kati ya kochi na meza ndogo ya mbele acha 40 hadi 45, ili mtu afikie kikombe bila kuinuka na bado apate pa kupitisha miguu. Mteja akikuonyesha kochi analotaka kununua, chukua tepu ya karatasi, ile ya mafundi rangi, na uchore umbo la kochi hilo sakafuni kwa vipimo vyake halisi. Mwache alizunguke kwa siku kadhaa, apite na vitu mkononi. Mara nyingi mwenyewe ndiye atakayesema ni kubwa mno, na hutakuwa na haja ya kubishana naye.

Jikoni ndiko mahali pa kutumia muda mwingi zaidi. Mwaka 1926 msanifu majengo wa Austria, Margarete Schütte-Lihotzky, alibuni jiko kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu za mji wa Frankfurt, Ujerumani. Lilikuwa na upana wa karibu mita 1.9 na urefu wa mita 3.4 tu, na sehemu ya mawazo yake aliitoa kwenye majiko ya mabehewa ya treni, ambako mpishi huandaa chakula cha watu wengi karibu bila kusogea. Alichofanya ni kufuatilia hatua za mpishi na kuzipunguza, na kazi hiyo haijapitwa na wakati. Mkumbuke msanifu huyo pale mteja anapokwambia jiko lake ni dogo na anataka ukuta uvunjwe.

Niliwahi kuitwa na mama mmoja aliyekuwa na dai hilo hilo. Nilimwomba apike kama siku zote, mimi nikakaa pembeni na daftari. Alipofika mahali pa kumwaga maji ya moto, alibeba sufuria kutoka motoni hadi kwenye sinki ukuta wa pili, akampita mtoto aliyekuwa akichungulia kwenye friji. Kando ya jiko hapakuwa na hata sentimita 10 za kuweka sufuria hiyo. Nafasi alikuwa nayo, ila vitu vilikaa visipotakiwa. Friji tuliihamishia karibu na mlango, ili anayetafuta maji ya kunywa asikatize katikati ya mapishi. Jiko na sinki vikawekwa ukuta mmoja, na katikati yake meza ya kufanyia kazi. Ukuta ule haukuvunjwa.

Kanuni inayofundishwa sana ni ya pembetatu: sinki, jiko na friji viwe kwenye ncha tatu, kila upande uwe kati ya mita 1.2 na 2.7, na jumla isizidi kama mita 7.9. Inasaidia, hasa mpishi akiwa mmoja. Wakipika wawili au watatu, pembetatu moja haitoshi, na hapo utalazimika kutenga eneo la kuosha, la kukatia na la moto. Kabati zikitazamana, acha mita 1 hadi 1.2 katikati. Kimo cha meza ya jikoni kilichozoeleka ni sentimita 90, lakini mpishi ana mwili wake: mwambie asimame, akunje kiwiko, pima kutoka sakafuni hadi kwenye kiwiko, kisha toa 10 hadi 15. Mpishi mfupi aliyewekewa meza ya kimo cha kawaida ataumwa mabega kila akikata kitu, naye atadhani ni uzee. Soketi za juu ya meza zipange baada ya kujua ni vifaa gani vinakaa wapi, na uziweke mbali na sinki. Feni ya kuvuta moshi itoe hewa nje ya nyumba. Ile inayozungusha hewa ndani hupunguza mafuta na harufu, lakini mvuke na joto vinabaki humo humo.

Bafuni, adui ni maji, na jambo ambalo wanaoanza hawaliamini hadi walione ni kwamba vigae havizuii maji. Saruji ya kujazia katikati ya vigae hupitisha unyevu. Kinachozuia ni tabaka la kuzuia maji linalopakwa chini ya vigae, sakafuni na kupanda ukutani, na sehemu ya kuogea lifike juu ya usawa wa bomba la mvua. Kona na pale mabomba yanapotoboa ukuta ndipo panapovuja kwanza, kwa hiyo paimarishwe kwa mkanda wake kabla ya kupaka. Likishakauka, ziba tundu la kutolea maji, jaza maji sentimita chache, weka alama ya penseli kwenye usawa wake na uache kwa saa 24. Kesho yake angalia alama, kisha nenda ukakague chumba cha chini au ukuta wa upande wa pili. Fundi anaweza kulalamika kwamba unamchelewesha. Msikilize kwa heshima, na maji yabaki pale pale. Kupoteza siku moja sasa ni nafuu kuliko kubomoa vigae vilivyokwisha kupigwa.

Mteremko wa sakafu ya kuogea uwe kama sentimita 1 hadi 2 kwa kila mita, kuelekea kwenye tundu. Choo kisibanwe: kutoka katikati yake hadi ukutani acha angalau sentimita 40, na mbele yake 60. Vigae vya sakafu viwe vya kutoteleza hata kama vile vinavyong'aa ndivyo vilivyompendeza mteja. Hapa usilegee. Nikiweza, mlango wa bafu naufanya ufungukie nje, kwa sababu mtu akianguka ndani, mwili wake hautauzuia mlango usifunguke. Vile vile kabla ukuta haujazibwa napenda kuimarisha sehemu ya kufungia vishikio vya mtu kujishikilia, hata kama wenye nyumba bado ni vijana. Wazazi huja kukaa, magoti hufanyiwa upasuaji, na kutoboa vigae baadaye ni usumbufu.

Sasa mwanga. Kosa linalorudiwa mno ni taa moja kali katikati ya dari, basi. Mtu akisimama kwenye meza ya jikoni, taa iko nyuma yake na kivuli chake kinaangukia kisu. Weka taa chini ya kabati za juu, na kwenye kioo cha bafuni weka taa pande mbili kwa usawa wa uso, kwa kuwa taa ya juu peke yake hutia giza machoni na chini ya kidevu. Soma namba za kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye boksi la balbu: 2700 hadi 3000 ni mwanga wa manjano unaofaa sebuleni na vyumba vya kulala, 4000 ni mweupe wa wastani kwa kazi, 6500 ni ule wa samawati ambao usiku unaufanya uso uonekane umepauka. Usichanganye rangi mbili za mwanga ndani ya chumba kimoja bila sababu.

Ukishajua mwanga, hapo ndipo uchague rangi ya ukuta. Kale ka kipande kadogo ka sampuli ya rangi ka dukani hakatoshi. Paka ubao mkubwa mikono miwili, yaani urudie mara ya pili, uusimamishe kwenye kuta tofauti, utazame asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwaka. Rangi ile ile itabadilika mbele ya macho yako, na sakafu nyekundu itaiambukiza wekundu. Kwa hesabu ya haraka, lita moja hupaka kama mita 10 za mraba kwa mkono mmoja, na ukuta mpya hunywa zaidi.

Chumba cha kulala kinahitaji machache, ila yafanywe vizuri: kama sentimita 60 za kupita kando ya kitanda, kabati la nguo lenye kina cha 60 ili hanga zisikwame, na swichi inayofikiwa mtu akiwa amelala. Fimbo ya pazia ipandishe juu ya fremu na uirefushe pande zote mbili, ili pazia likifunguliwa lisizibe kioo.

Kuhusu kuvunja: hakuna ukuta unaoguswa kabla mhandisi hajathibitisha kwamba haubebi paa wala ghorofa. Nyumba ya zamani inaweza kuwa na rangi yenye madini ya risasi, au asbesto, nyuzi za madini zenye madhara, kwenye dari na mabomba. Usikwangue rangi hiyo ikiwa kavu wala usivunje dari hiyo kabla haijapimwa, maana vumbi lake linaumiza mafundi na watoto wa nyumba kwa miaka mingi. Mpangilio wa kazi nao una mantiki yake: kuvunja, mabomba na nyaya ndani ya kuta, plasta, kuzuia maji, vigae, kabati, rangi, kisha swichi na taa. Plasta iachwe ikauke sawasawa, la sivyo rangi itabanduka. Kabla ya plasta, piga picha kila ukuta futi ikionekana kwenye picha, ili baadaye anayetaka kutundika rafu ajue bomba linapita wapi.

Katika bajeti tenga asilimia 10 hadi 15 kwa yale yatakayoonekana ukuta ukifunguliwa, na mteja ajue tangu mwanzo kwamba fedha hiyo ipo na ni ya nini. Badiliko lolote katikati ya kazi liandikwe siku hiyo hiyo, na gharama yake, na siku zinazoongezeka.

Siku ya kukabidhi, mwachie mteja zile picha za kuta, namba za rangi za kila chumba, na umwonyeshe kwa mkono wake vali ya kufungia maji ilipo. Mwachie pia boksi la vigae vya akiba. Vigae huokwa kwa mikupuo, na mkupuo wa mwaka ujao, hata wenye jina lile lile, unaweza usilingane rangi na huu.