Kabla hujaenda kutahiniwa ithibati ya kufunga vioo vya magari, sikia yangu kwanza

Wiki iliyopita nilisimama nyuma ya vijana watatu waliokuja kutahiniwa. Wote mafundi kwelikweli, kioo cha mbele wanakitoa huku wanapiga soga. Wote wamerudi nyumbani bila cheti, tena kwa makosa yaleyale niliyoyafanya mimi wakati nywele zangu bado nyeusi. Wadogo zangu, nimechoka kuyasema kwa mmoja mmoja.

1. Soma tarehe ya mwisho kwenye mrija wa gundi kabla hujaukata mdomo. Kijana wa kwanza alianguka hapo, kisu hata hajakishika.

2. Vaa glavu, na ukishazivaa usijikune pua. Mafuta ya ngozi yakigusa ulipokwisha kusafisha, gundi haishiki.

3. Si kila jeraha la kioo ni la kuzibwa. Kioo cha mlangoni mnajua wenyewe, kikipasuka ni punje tupu. Cha mbele kina plastiki katikati ya vioo viwili, kinazibika, lakini kina kanda zake. Kwa kipimo cha Uingereza, BS AU 242a, ule ukanda wa milimita 290 mbele ya usukani hauruhusu jeraha linalozidi milimita 10. Ukienda pembeni, kiasi kinapanda hadi 40. Kijana wa pili alipewa nyota, yaani ufa wenye miale, ya milimita 14 mbele kabisa ya dereva. Akaiziba vizuri mno, resini, ule utomvu wa kuzibia, imeingia hadi kwenye ncha, huoni kitu. Akaanguka! Alitakiwa kupima, kisha aseme hiki kibadilishwe. Nilimwonea huruma, maana kazi yenyewe ilikuwa safi kuliko yangu.

4. Mkwaruzo. Hapa mniache nikae.

Nilienda kutahiniwa mara ya kwanza nikiwa na miaka tisa kazini, na niliona wananipotezea siku. Nikakata gundi ya zamani, nikabakisha ule utando mwembamba wa chini kama inavyotakiwa. Kwenye kona ya chini, upande wa abiria, kisu kikateleza kikachubua rangi ya fremu. Alama nyembamba, urefu wa kucha. Niliiona. Nikasema moyoni, gundi itafunika. Nikashusha kioo, kikakaa kama kimezaliwa pale. Mtahini akauliza swali moja tu: "Kile chuma kilichobaki wazi umekifanyaje?" Nikamwambia kipo chini ya gundi. Akafunga faili.

Nilinuna. Karakana nzima niliitangazia kwamba nimeonewa na mtu aliyesahau kisu kinashikwaje. Wenzangu wakanikubalia, na walinikubalia kwa sababu wote tulikuwa tunafanya hivyohivyo.

Mwezi haujaisha, likarudi gari nililolibadilishia kioo miaka miwili nyuma. Mama mwenye gari anasema mvua ikinyesha zulia la mbele linalowa. Nikabandika vishikio vya kunyonya, nikavuta kidogo nione kisu kipite wapi. Kisu hakikuhitajika. Kona yote ya chini ilinifuata mkononi, kwa mlio kama wa kubandua gamba la kidonda. Chini yake kutu, unga wa kahawia, umeanzia kwenye mstari mwembamba ukatambaa upana wa kiganja. Gundi yenyewe ilikuwa nzima, imeng'ang'ania kutu, na kutu haijang'ang'ania kitu. Na mfuko wa hewa wa abiria ukifumuka unaegemea kioo hichohicho.

Mama yule aliniuliza, "Fundi, gundi ilikuwa mbovu?" Nikamwambia ndiyo. Nilimdanganya mchana kweupe, nikakwangua kutu, nikapaka praima, ile rangi ya kukinga chuma kilichobaki wazi, nikamfungia kioo kingine bure, na yeye akanishukuru. Usiku nikaanza kuhesabu magari mengine yenye kucha zangu chini ya gundi. Sikuwa na pa kuanzia. Sikuwa naandika chochote.

5. Kwa hiyo andika. Namba ya toleo la gundi na la praima, kila mkwaruzo, joto na unyevu wa siku hiyo, saa ya gari kuruhusiwa kuondoka. Yurethani, yaani gundi yetu hii, inakaushwa na unyevu wa hewani, kwa hiyo siku ya baridi kavu, kusubiri kulikotosha jana hakutoshi leo. Fuata jedwali la mtengenezaji, hata mteja akikutolea macho.

6. Teremsha dirisha moja kidogo kabla ya kufunga mlango. Hewa ikibanwa ndani inasukuma kioo, na gundi bado mbichi.

7. Kamera ya kwenye kioo, ile inayolitazamia gari barabara, inarekebishwa upya kila ukibadilisha. Kijana wa tatu alimjibu mtahini kwamba dashibodini hakuna taa iliyowaka, kwa hiyo iko sawa. Kamera inaweza kutazama upande bila kuwasha taa yoyote. Nisiseme zaidi, presha itanipanda.

Mara ya pili nilimkuta mtahini yuleyule. Kikopo cha praima nilikuwa nimekitikisa tangu alfajiri, brashi iko tayari. Kisu hakikuteleza hata mara moja. Nilipita, lakini nilirudi nyumbani na kinyongo, maana nilitaka anione nikipaka.