Maswali ya Wasomaji: Kabla Hujalipia Gari la Kale

Barua za toleo hili zimetoka Arusha na Kilimanjaro, nyingi zikiwa za watu wanaonunua gari la kale kwa mara ya kwanza. Tumechagua tano.

Wahariri, habari za kazi. Tangu nilipoona magari ya Tamasha la Land Rover hapa Arusha mwaka 2024 nimekuwa nikitafuta la kwangu. Sasa nimepata Land Rover 109, Series III, huko Usa River. Imekaa shambani chini ya mwembe miaka minne. Mwenyewe anataka milioni 11, anasema injini nzima, tatizo ni betri tu. Niende na nini, na nianze kuangalia wapi? (Msomaji, Njiro, Arusha)

Nenda na fundi unayemwamini, na wewe mwenyewe ubebe nyundo ndogo, tochi, bisibisi bapa, brashi ya waya, sumaku na nguo za kuchafua. Land Rover ya namna hii inakaguliwa kwa kulala chini yake. Boneti utaifungua mwisho. Injini ya petroli ya lita 2.25 ni rahisi, inafunguka kwa spana za kawaida, na mafundi wanaoijua Arusha hawakosekani. Chesisi iliyooza ni habari nyingine kabisa, kwa sababu kuibadilisha maana yake ni kuvua gari zima, kuanzia bodi hadi mabomba ya breki.

Anza nyuma, kwenye chuma cha mwisho kinachokaa chini ya mlango wa nyuma. Matope huingia ndani ya chuma hicho yakabaki humo masika hadi masika, kwa hiyo kinaoza kutokea ndani huku nje kinaonekana kizima. Gonga kwa nyundo kila baada ya sentimita tano. Chuma kizima kinalia kwa sauti kali. Kilichokwisha kinatoa sauti butu, au kinabonyea na kumwaga unga mwekundu. Endelea kugonga kuelekea mbele: vishikio vya springi pande zote, kisha vyuma vinavyotokeza kando ya chesisi kubeba bodi. Halafu panda ndani, inua mati, uchokoe kwa bisibisi pale miguu ya dereva na abiria inapokaa, na pembeni kwenye bawaba za milango. Ukuta ule wa mbele, unaotenganisha injini na dereva, ni wa chuma ingawa bodi ni alumini, na kuutengeneza vizuri kunadai fundi bodi mvumilivu sana.

Ukikuta chini kote kumepakwa rangi nyeusi mbichi, muulize muuzaji ilipakwa lini na kwa nini. Ukikuta bati limechomelewa juu ya kutu bila kutu kukatwa kwanza, hesabu hapo hapajatengenezwa: kutu inaendelea kula katikati ya vyuma viwili.

Sumaku ni ya bodi. Alumini haishiki sumaku, hivyo ikinasa kwenye bawa la mbele au ubavuni, ujue kuna bati la chuma limewekwa. Chuma kikigusana na alumini penye unyevu, alumini ndiyo inayoliwa. Utaona unga mweupe na rangi iliyovimba kama lengelenge.

Kama gari limewahi kubeba watalii, safisha kwa brashi kona za vishikio vya springi utafute nyufa. Barabara za mawimbi za mbugani huzipasua hapo. Ufa huonekana kama uzi mwembamba wa kutu kwenye rangi.

Sasa tafuta namba ya chesisi. Imegongwa kwenye chuma chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na springi inaposhikiliwa. Futa grisi kwa dizeli, pitisha chaki juu yake, usome tarakimu moja moja ukilinganisha na kadi ya gari. Namba ikiwa imesuguliwa kwa grainda au haifanani na kadi, usijadiliane bei. Ondoka.

Tukija kwenye “betri tu”. Mwombe mwenyewe asiliwashe kwa betri ya kuazima siku ya kwanza. Silinda zikikaa miaka minne, ringi za pistoni hushika kutu kwenye kuta, na ukilazimisha kwa stata unaweza kuvunja ringi au kukwaruza silinda. Fanyeni hivi: toeni plagi zote nne, mimineni kijiko kimoja cha chakula cha oili nyepesi katika kila silinda, mwache ilale usiku kucha. Asubuhi wekeni gia huru, mzungushe injini taratibu kwa hendeli ya mbele. Ikizunguka laini duru mbili kamili, mwageni oili ya zamani na petroli yote iliyo kwenye tangi (petroli iliyokaa miaka inakuwa kama gundi na kuziba kabureta), muweke mpya. Kisha, plagi zikiwa bado nje, zungusheni kwa stata mpaka taa ya oili izime. Hapo ndipo mrudishe plagi na kuwasha.

Ikishapata moto, pimeni kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda: plagi zote nje, kanyagio la mafuta limekandamizwa mpaka chini, stata izunguke kama sekunde tano kwa kila silinda. Kinachotakiwa ni silinda zote nne zikaribiane, tofauti isizidi asilimia 10. Msishtuke kipimo kikisoma chini ya namba za vitabuni: Arusha iko karibu mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na usomaji unashuka kwa kama asilimia 15. Silinda moja ikiwa chini sana, mimina tena kijiko cha oili humo upime. Ikipanda, ringi zimechoka. Isipopanda, ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungua katikati yao.

Barabarani, tia gia ya pili, kimbiza kidogo, kisha achia mafuta ghafla kwenye mteremko. Gia ikiruka na kujitoa, giaboksi itafunguliwa. Bonyeza kitasa cha njano kuona kama magurudumu ya mbele yanaingia kazini, lakini fanyia kwenye udongo. Gari hili halina difu ya katikati, ile inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kupishana mwendo, na kwenye lami kavu mifumo inakabana. Mwisho angalia zile tufe za chuma nyuma ya magurudumu ya mbele. Zikiwa na vidonda vya kutu, zitakata sili na kuvuja oili hata ukiweka sili mpya kila mwezi.

Breki zihesabu kuwa za kufanywa upya hata kama zinashika: wili silinda zote, mipira ya breki, masta silinda. Gari lililolala miaka minne halistahili kuaminiwa kwenye mteremko kwa mpira wa zamani. Matairi pia. Ubavuni kuna tarakimu nne, mbili za wiki na mbili za mwaka. 2314 ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, na tairi la umri huo halifai kwa safari hata kama kashata zimejaa.

Kuhusu milioni 11: kama hizo ndizo zote ulizo nazo, gari hili huliwezi. Theluthi moja ya bajeti ibaki mfukoni kwa miezi sita ya mwanzo.

Nimebakiwa na magari mawili ya kuchagua. Volkswagen Beetle iliyokuwa Tanga, na Peugeot 504 ya Kibosho, saluni, yenye rangi nzuri sana. Lipi linamfaa anayeanza? Ile Beetle tangu ije Moshi inatoa moshi mweusi kidogo. (Msomaji, Majengo, Moshi)

Yote mawili yana heshima Afrika Mashariki. Beetle ilishinda Safari Rally ya kwanza kabisa mwaka 1953, na 504 ikashinda 1975 na 1978. Kwa anayeanza tungechagua Beetle, lakini hii ya kwako imetoka pwani, kwa hiyo tutakuwa wakali.

Inua kiti cha nyuma. Betri inakaa chini yake upande wa kulia, na asidi yake ikikutana na chumvi ya Tanga sakafu inatoboka. Kisha gonga mihimili iliyo chini ya milango, ile inayopitisha hewa ya joto. Ikiwa imeoza, milango itaanza kukataa kufunga vizuri kwa sababu gari linapinda katikati.

Moshi mweusi usikutishe mapema. Kabureta iliyosetiwa usawa wa bahari inatoa petroli nyingi mno kwa hewa ya Moshi, na ukipanda Marangu au Kibosho inazidi. Jeti kuu (kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli) ndogo kwa saizi moja au mbili inamaliza tatizo. Moshi wa bluu ndio wa kuogopa.

Zima injini, shika puli kubwa ya mkanda kwa mikono miwili, uivute na kuisukuma kuelekea mbele na nyuma ya gari. Ikicheza ukasikia “tak tak”, kranki shafti imeacha nafasi. Mwisho unaoruhusiwa ni milimita 0.15, na kwa mkono nafasi hiyo haisikiki kirahisi. Ukiisikia wazi, injini inahitaji kufunguliwa nusu mbili. Angalia pia mpira unaozunguka chumba cha injini. Ukikosekana, hewa ya moto ya chini inarudi kwenye feni, na silinda namba 3 ndiyo inayoungua valvu kwanza. Mipira ya petroli iliyo juu ya injini badilisha siku ileile unayonunua, bila kujadili. Beetle nyingi zimeteketea kwa sababu ya mpira wa bei ndogo.

504 ni gari tamu zaidi la safari, na kwa kuwa liliunganishwa Kenya miaka mingi baada ya Ufaransa kuacha kuunda saluni mwaka 1983, spea Nairobi bado zinatafutika. Lakini saluni haina chesisi ya peke yake. Bodi ndiyo inayobeba kila kitu, hivyo “rangi nzuri sana” ndiyo inayotutia wasiwasi. Fungua boneti uguse juu kabisa pale shokapu za mbele zinapofungwa. Kutu au bati la kuchomelewa hapo ni sababu tosha ya kuliacha.

Muulize mwenyewe kama silinda hedi imewahi kufunguliwa, na nani aliifungua. Silivu za injini hii, yaani mabomba ambamo pistoni hutembea, zinakaa ndani ya maji na hazijagandishwa kwenye bloku. Fundi akitoa hedi kisha akazungusha kranki bila kuzibana silivu kwa bolti na washa, zinanyanyuka, sili ya chini inaharibika, na maji yanapenya kwenye oili. Chomoa kijiti cha oili na kifuniko cha kujazia. Ukiona kitu kama maziwa ya mgando, shukuru, funga boneti, uage.

Gari ninalolitaka lina kadi ya jina la marehemu. Mjane na kijana wake mkubwa wamekubali kuniuzia, wana kadi halisi. Inatosha? (Msomaji, Machame)

Haitoshi, dada. Mwenye mamlaka ya kuuza mali ya marehemu ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Kama hawajafungua mirathi, wafungue kwanza, na wewe usitoe hata kianzio. Barua ya usimamizi ikitoka, msimamizi ndiye atakayesaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, kisha mkabadilishe umiliki TRA mkiwa na kadi halisi, mkataba, barua hiyo na TIN zenu. Ushuru wa stempu wa asilimia 1 ya bei, kubalianeni mapema utalipwa na nani.

Tunaongeza jambo linalowakuta wengi Kilimanjaro. Magari mengi mazuri ya zamani yaliingia kwa msamaha wa kodi, kupitia misheni au miradi ya wafadhili. Gari la namna hiyo likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, kodi inadaiwa. Piga picha ya kadi, nenda ofisi ya TRA Moshi uulize hali ya gari kabla ya kulipa chochote. Na kama bado lina namba za mtindo wa zamani, kabla ya hizi za T, tarakimu tatu na herufi tatu, swali hilo ni la lazima.

Kuna FJ40 (Toyota Land Cruiser ya zamani) nzuri ya namba za Kenya, bei poa, muuzaji anasema nitaitumia hivyohivyo. (Msomaji, Namanga)

Usiinunue. Gari la namba za kigeni linaruhusiwa nchini kwa muda tu, na bila kulipiwa forodha ni mali ya kukamatwa. Umri wake pia unaongeza kodi ya uchakavu, na ukijumlisha yote bei haitakuwa poa tena.

Land Rover yenye injini ya dizeli ya Toyota, je, niiache? (Msomaji, Sakina, Arusha)

Ukitaka gari la kuhifadhi katika asili yake, ndiyo, iache. Kurudisha injini ya kwanza pamoja na vishikio vyake, rejeta na ekzosi ni kazi ndefu. Ukitaka gari la kutembelea Karatu kila mwezi, inaweza kuwa na manufaa, mradi ukague mambo matatu. Kwanza, namba ya injini kwenye kadi iwe ya injini iliyomo sasa. Kama sivyo, muuzaji airekebishe yeye kabla hujanunua. Pili, vishikio vya injini: angalia kama vimechomelewa kwa bati nene na chesisi haijakatwa kupisha sampu ya oili. Tatu, breki na eksili. Injini yenye nguvu zaidi ya ile ya kwanza hukata eksili za nyuma za gari hili, hasa mtu akiachia klachi kwa pupa akiwa amekwama. Muulize kama zimewahi kukatika, kisha chomoa moja: mabolti sita kwenye kitovu cha gurudumu, na inatoka kwa mkono. Meno ya upande wa ndani yakiwa yamejipinda hata kidogo, nunua jozi mpya kabla gari halijapanda mlima wa Mto wa Mbu.