Mazoezi ya mashambulizi: anza kwa kuwanyima kudunda

Timu ya kikapu isipofunga, macho ya wengi yanamwendea aliyeshika mpira. Mimi huwatazama wale wanne wasio nao. Katika timu nilizofundisha, za vijana na za watu wazima wanaocheza baada ya kazi, picha ni ileile: mmoja kashika kiuno, mwingine anapunga mkono akiomba pasi huku mlinzi amesimama katikati ya njia, wawili waliobaki wamebanana upande mmoja. Mwenye mpira hana pa kuupeleka. Anadunda, anadunda tena, muda unamwishia, anarusha ilimradi karusha. Ukimlaumu kwa kukosa unamwonea.

Ndiyo maana zoezi langu la kwanza ni mechi ya nusu uwanja ambayo kudunda ni marufuku. Watatu kwa watatu kama bado ni wageni, wanne kwa wanne wakishazoea. Ukipata mpira unaweza kugeuka kwa pivoti, yaani mguu mmoja ukibaki palepale, kutoa pasi au kurusha, basi. Ukishatoa pasi huruhusiwi kubaki ulipo: kata, yaani kimbia ghafla kuelekea ringi, au nenda ukamwekee mwenzako skrini: simama umzibie njia mlinzi wake. Anayedunda anawapa wapinzani mpira. Wapo watakaonung'unika kwamba huo si mpira wa kikapu. Waambie kanuni za kwanza alizoandika James Naismith, aliyebuni mchezo huu, mwaka 1891 zilimkataza mchezaji kukimbia na mpira. Alitakiwa autupe kutoka palepale alipoudakia.

Mwanzoni ni vurugu tupu, pasi zinaibwa kila mara, na usiingilie haraka. Walinzi wakishajua hakuna wa kuwapita kwa kudunda, wanabana na kujipanga kwenye njia za pasi. Hapo ndipo penye somo, kwa sababu mlinzi anayebana hivyo ameacha uwazi nyuma yake. Mfundishe mshambuliaji apige hatua moja au mbili kama anayeufuata mpira, mkono ukiwa juu kuuomba, kisha aukite chini mguu ulio mbali na ringi na kukata ghafla nyuma ya mlinzi. Uangalie huo mguu kwa makini. Asipoukita sawasawa atageuka kwa kuzunguka, polepole, na mlinzi atamwahi. Akiukita vizuri, mlinzi anabaki anatazama mpira wakati mtu wake yuko chini ya ringi. Mtoa pasi agongeshe mpira chini, maana mikono ya mlinzi iko juu.

Zoezi hilo hilo linafichua tatizo la nafasi. Nusu uwanja ina urefu wa mita 14 na upana wa mita 15, na ndani yake wanaingia watu kumi, kwa hiyo mita moja ya uzembe inaonekana. Mimi huchora alama tano kwa chaki nje ya mstari wa pointi tatu: moja juu katikati, mbili kwenye mbawa, yaani pande mbili kati ya hapo na kona, mbili kwenye kona. Anayekata akimaliza bila kupata pasi, anatoka kwenda alama iliyo wazi, na wenzake wanasogea kujaza aliyoiacha. Kona ndizo zinazowasumbua zaidi. Kwa vipimo vya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, kati ya mstari wa pointi tatu na mstari wa pembeni kuna sentimita 90 tu. Mtu mwenye mguu mkubwa akidaka mpira na kurudi nyuma nusu hatua, tayari yuko nje. Akisogea mbele, amekanyaga mstari na kikapu chake ni cha pointi mbili. Adake akiwa ameshapanga miguu. Hilo tunalirudia hadi wanachoka kunisikia.

Wakishajua kusogea ndipo ninawarudishia kudunda, ila kwa kipimo. Zoezi ninalolithamini kuliko yote ni hili: mlinzi anasimama chini ya ringi na mpira, mshambuliaji yuko kwenye mbawa. Mlinzi anampa pasi kisha anamkimbilia kumzuia, na papo hapo ni mmoja kwa mmoja, mshambuliaji akiruhusiwa kudunda mara mbili tu. Uamuzi unafanywa mpira ukiwa bado hewani. Mlinzi kaja taratibu na mikono iko chini? Rusha. Kaja kwa kasi, uzito wote uko mbele? Mpite, tena upande wa mguu aliotanguliza, kwani ndio unaomchelewesha kugeuka. Kafika akiwa ametulia, magoti yamekunjwa? Kwenye mechi hapo ungetoa pasi, kwa hiyo ongeza mchezaji kwenye kona na mlinzi wa pili chini ya ringi, iwe wawili kwa wawili. Sishangilii mpira ukiingia. Nashangilia uamuzi sahihi hata kama mpira umegonga chuma ukatoka, na wachezaji wakishazoea hilo wanaacha kuogopa.

Kuhusu koni, nina maoni yangu. Kuzizunguka ukidunda mipira miwili kunasaidia mikono ya anayeanza, na video zake zinapendeza. Lakini koni haiibi mpira, haibadili mwelekeo na haikusukumi. Dakika tano za kupasha mwili zinatosha.

Zoezi la peke yako ambalo sijaona mbadala wake ni lile la Mikan. Linaitwa hivyo kwa jina la George Mikan, jitu la Chuo Kikuu cha DePaul ambalo kocha Ray Meyer alilinoa miaka ya 1940. Simama karibu na ringi upande wa kulia, piga hatua kwa mguu wa kushoto na ufunge kwa mkono wa kulia kupitia bodi, ule ubao wa nyuma ya ringi. Udake mpira kabla haujagusa chini, hamia kushoto, piga hatua kwa mguu wa kulia, funga kwa mkono wa kushoto. Endelea bila kusimama. Kosa la kila mtu ni kuushusha mpira hadi kiunoni baada ya kuudaka. Kwenye mechi, mpira uliofika kiunoni chini ya ringi si wako tena, hata kama umewazidi wote urefu. Ubaki juu ya kidevu, viwiko nje. Likiwa jepesi, lifanye ukiwa umeipa bodi kisogo, halafu mwambie mwenzako akuguseguse kwa mto kila unaporuka. Wachezaji wafupi hudhani zoezi hili ni la warefu, kumbe wao ndio wanaolihitaji zaidi, kwa kuwa wakifika chini ya ringi hawana nafasi ya pili.

Kurusha mitupo huru wakiwa wametulia na kuburudika hakunifurahishi. Wakimbize kwanza uwanja mzima, kisha kila mmoja arushe miwili, siyo kumi, kwa sababu kwenye mechi kwa kawaida unapewa miwili na unahema.

Skrini ninaziacha nyuma kwa makusudi. Timu isiyojua kukata, ukiipa skrini inaongeza msongamano tu. Ukifika wakati wake, sisitiza jambo moja: anayeitumia apite akisuguana na mwekaji, bega kwenye nyonga, pasiwe na upenyo wa mlinzi kujipenyeza. Mwekaji naye akishamwachia mwenzake njia, ageukie ringi mikono ikiwa tayari.

Mwishoni mwa mazoezi tunacheza watano kwa watano, kila shambulizi likipewa sekunde 14 za kurusha, siyo 24 za kawaida. Nambari hiyo inatoka kwenye kanuni: timu inayoshambulia ikirusha, mpira ukagusa ringi na wao wenyewe wakauokota, saa inawekwa 14. Mtu mmoja wa pembeni anahesabu kwa sauti kurudi nyuma. Wiki za kwanza wanapaparika. Baadaye utaona wanaanza kukata mapema, hesabu ikiwa bado kumi na mbili, kwa sababu wamegundua kwamba pasi ya tatu au ya nne ndiyo inayomkuta mlinzi amechelewa.

Na mkija pungufu, msivunje mazoezi. Wakiwa saba, cheza wanne kwa watatu. Wanne wanashambulia bila kudunda, na kikapu chao kinahesabiwa tu ikiwa aliyerusha hakuwa na mlinzi mbele yake. Watatu wakipata ribaundi, yaani mpira uliokosa kuingia, au wakiiba pasi, pointi ni yao, na aliyepoteza mpira anabadilishana na mmoja wao. Ni kazi ngumu kwa hao watatu, kwa hiyo wape maji mapema.