Spika za besi la kwaya: inchi 15 moja au inchi 10 mbili?

Kaka, umeuliza kama mnunulie gitaa la besi la kwaya spika moja ya inchi 15 au mbili za inchi 10, na kama fundi hapo Tabora awatengenezee boksi la mninga.

Inchi zisikusumbue sana. Uzi mnene wa besi ukipigwa wazi hutoa takriban 41 Hz (mitetemo 41 kwa sekunde), na kuufikisha vizuri kunategemea koni, ule uso wa spika unaotetemeka, inasogea kiasi gani na boksi lina nafasi gani ndani. Boksi maarufu la besi la kampuni ya Ampeg la 1969 lilikuwa na spika nane za inchi 10, tena limezibwa kabisa, bila tundu.

Boksi lenye tundu hutoa besi nzito zaidi kwa wati zilezile, ila tundu lazima lipimwe kufuatana na spika yenyewe. Mlio ukishuka chini ya ule ambao tundu limepimiwa, koni hukosa breki na koili (waya unaoisukuma koni) huweza kuharibika. Kama fundi wako anatoboa kwa kukadiria, mwambie azibe tu.

Mimi ningechukua mbili za inchi 10, omu 8 kila moja (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme). Zikiungwa sambamba ni omu 4, kwa hiyo soma nyuma ya amplifaya kwanza uone kama inakubali omu 4. Spika ya gitaa la solo usiitumie kwa besi, hata ukipewa bure.

Mninga waachieni watengeneza vitanda. Ni mbao nzuri mno, lakini ghali, na nani atalibeba boksi hilo siku ya mkutano? Tumieni plaiwudi ya milimita 18, gundi kila kona, na kipande cha mbao ndani kishikanishe ukuta wa mbele na wa nyuma.