Huoni stomata kwenye hadubini? Geuza jani

Umesema ulipaka rangi ya kucha juu ya jani, ukaibandua, ukaona seli tupu bila stomata (matundu madogo ya jani ya kupitisha hewa) hata moja. Tatizo ni upande. Mimea mingi ya nchi kavu ina stomata nyingi zaidi chini ya jani, na mingine haina kabisa juu. (Yungiyungi la majini ni kinyume, kwa kuwa jani lake huelea.)

Paka chini ya jani tabaka jembamba la rangi ya kucha isiyo na rangi, ngoja dakika 10 hivi ikauke, kisha ibandue kwa selotepu na uibandike kwenye slaidi. Ikiwa bado mbichi itakunjana. Ikiwa nene, hutaona vizuri. Epuka majani yenye vinyweleo. Anza na ukuzaji wa mara 100, halafu 400.

Tafuta seli mbili zenye umbo la haragwe zinazotazamana: hizo ni seli linzi, zinazofungua na kufunga tundu lililo kati yake. Ukuta unaopakana na tundu ni mnene kuliko wa nje, na hapo ndipo siri ilipo. Potasiamu ikiingia, maji hufuata kwa osmosisi (kupenya utando wa seli kuelekea palipo na chumvi nyingi zaidi), seli hujaa na kupinda, tundu hufunguka. Maji yakitoka, hulegea na tundu hufunga.