Nonnus na Injili ya Yohana: msome, lakini kwa tahadhari

Ndugu yangu, umeuliza kama maandiko ya kale ya Kigiriki yanayosimulia upya Biblia kwa maneno mengine yanamfaa msomaji wa Injili ya Yohana. Yanafaa sana. Anza na Nonnus wa Panopolis, Misri, aliyeiandika upya Injili hiyo kwa mashairi yenye mizani ya Homer, mshairi wa kale wa Kigiriki, katika karne ya 5. Alikisoma Kigiriki bila mkalimani, hivyo anapopanua neno anatuonyesha jinsi alivyolisikia.

Tazama Yohana 2:4, Yesu anapomjibu mamaye katika arusi ya Kana. Biblia ya Union Version inasema, "Mama, tuna nini mimi nawe?" na wengi tunashtushwa na ukali wake. Nonnus anaingiza neno dogo tu, "au": lina nini kwangu, mama, au kwako? Hapo Yesu hamsukumi mamaye. Divai iliyokwisha si jambo lao wawili. Usomaji huo umenigusa, ingawa si wataalamu wote wanaoukubali.

Ila katika arusi hiyohiyo Nonnus anamwita Maria mzazi wa Mungu, jina lililobishaniwa katika karne yake, nalo Yohana hakuliandika. Kwa hiyo msome Injili ikiwa wazi pembeni, mstari kwa mstari, na kila anapoongeza jambo jiulize amelitoa wapi.